Homa ya siku ya kumi usiimezee mseto

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 39, nakaa Morogoro, nauza vitumbua asubuhi. Nina saratani ya titi na nimeanza dripu Dar es Salaam, ile dawa nyekundu. Nimeshapata moja, ya pili ni wiki ijayo. Siku mbili za kwanza nilikuwa sawa nikaacha vidonge vya kutapika, ya tatu nikatapika mpaka nyongo. Siku ya kumi nikapata homa, mdogo wangu akaninunulia mseto wa malaria na Panadol, ikapoa. Sasa nina vidonda mdomoni na nywele zinatoka nikichana. Mama mkwe anataka niache sukari na nyama, ninywe majani ya mstafeli. Wifi, ambaye ni mjamzito na ndiye anayenifulia, kasema nisitumie choo kimoja na watoto kwa sababu mkojo wangu ulikuwa mwekundu. Mume wangu yuko nami, ila tunaogopa hata kulala pamoja. Na vitumbua niache?*
*Mama Wawili, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Nitayajibu yote, lakini lililonishtua umelitaja kwa sentensi moja ukapita: homa ya siku ya kumi. Naanza na hiyo.

Dawa ya dripu hupiga chembe zinazozaliana haraka. Saratani imo humo, lakini umo pia uboho wa mifupa unaotengeneza damu, ngozi laini ya kinywa na mizizi ya nywele. Ukihesabu siku ya dripu kuwa ya 1, chembe nyeupe zinazopambana na magonjwa hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda taratibu mpaka dripu inayofuata. Mdudu akikuingia katika siku hizo unaweza usione usaha wala usikohoe. Dalili huwa ni joto la mwili peke yake. Panadol ikilishusha, mdudu anabaki kwenye damu anazidi kuongezeka, na mtu anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache. Safari ile ulisalimika. Usirudie.

Nunua kipimajoto cha kidijitali kabla ya dripu ya pili. Pima asubuhi na jioni, na kila unapohisi baridi au mwili kulegea. Ukipima mdomoni, 38 ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Kwapani joto husoma chini kidogo, kwa hiyo ukiona 37.5 usingoje ifike 38. Kutetemeka kwa baridi nako ni sababu ya kwenda, hata kipimajoto kisiposema kitu. Usimeze Panadol kabla ya kupima, wala usisubiri kukuche.

Uende wapi? Usipande basi kwenda Dar ukiwa na homa. Nenda hospitali ya mkoa hapo hapo Morogoro, na ukifika mapokezi, kabla ya kukaa kwenye benchi, sema: "Natibiwa saratani kwa dripu, siku ya kumi leo, nina homa." Waombe wapime wingi wa chembe za damu pamoja na malaria. Malaria inaweza kuwepo kweli, lakini hata ikionekana haimaanishi kwamba hakuna kingine, na chembe zikiwa chini utahitaji antibiotiki ya mshipa mara moja. Leo hii andika kwenye karatasi majina ya dawa unazopewa, tarehe ya dripu ya mwisho na namba ya simu ya wodi yako, uiweke ndani ya daftari la kliniki. Nauli ya bodaboda ya usiku itengwe mapema, na mdogo wako ajue ilipo.

Kutapika kwako kulitokana na kuacha vidonge. Dawa nyekundu ina kichefuchefu cha kwanza siku ile ile, na kingine kinachokuja siku ya 2 mpaka ya 5, wakati mtu anadhani yamekwisha. Meza vidonge kwa saa ulizoandikiwa, umeumwa au hukuumwa, mpaka viishe. Ukikitapika kidonge muda mfupi baada ya kukimeza, piga simu wodini uulize kama urudie. Kama umepewa deksamethasoni, meza asubuhi ukiwa umekula, maana ukimeza jioni hutalala. Ondansetroni, nayo ni ya kuzuia kutapika, hufunga choo: maji, papai na kutembea kidogo husaidia, na ukipitisha siku tatu bila choo waambie wakupe dawa ya kulainisha. Usipigwe bomba la kusafisha tumbo, kwa sababu mchubuko mdogo wa huko chini siku ya kumi ni mlango wa maambukizi. Ukitapika kutwa nzima hata maji hayakai, hiyo nayo ni ya hospitali.

Kinywa: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukutua kila baada ya mlo na kabla ya kulala, uteme. Chumvi ikizidi inachoma na kukausha. Mswaki uwe laini. Acha ndimu, pilipili na chai ya moto mpaka vipone, na dawa za kusukutua zenye spiriti usizinunue. Utando mweupe usiofutika kirahisi huenda ni fangasi, na una dawa yake.

Sasa chakula, na hapa naomba mama mkwe asomewe kwa heshima zote, kwa kuwa anakupenda. Kuacha sukari hakuinyimi saratani chakula. Mwili hutengeneza sukari yake hata ukila mboga tupu. Anayenyimwa ni wewe. Mgonjwa anayekonda na kuishiwa nguvu anaweza kuahirishiwa dripu. Unahitaji nyama, dagaa, maharage, na mayai yaliyochemshwa mpaka kiini kikauke, dakika kama kumi. Kama milo mikubwa inakushinda, kula kidogo kidogo mara tano au sita. Uji wa ulezi uupike na kikombe cha maziwa yaliyochemka, kisha ukiepua tia kijiko kikubwa cha siagi ya karanga na sukari ya kutosha ladha. Bakuli moja la huo linashinda sahani ya ugali iliyorudi jikoni. Chakula kilichopoa hakinuki sana, kwa hiyo hupita kirahisi. Mtindi wa maziwa mabichi, kachumbari ya kununua na matunda yaliyokatwa barabarani viache. Tunda lioshe na ulimenye mwenyewe.

Majani ya mstafeli usinywe. Dawa zako hupita kwenye ini, na hakuna anayejua nguvu iliyomo kwenye sufuria ya majani. Vipimo vya ini vikipanda, daktari hatajua alaumu nini, na anaweza kulazimika kusimamisha tiba inayofanya kazi. Kama umeshayanywa, mwambie. Hatakugombeza, na akikugombeza bado ni heri ajue.

Wifi naye ana kitu alichosikia nusu. Mkojo mwekundu wa siku ya kwanza na ya pili ni rangi ya dawa, si damu. Ukiuona baada ya hapo, au ukikojoa kunachoma, toa taarifa. Saratani haiambukizi: sahani, kikombe, kitanda na kuwapakata watoto, vyote ruksa. Ila kwa saa 48 baada ya dripu dawa hutoka kwenye mkojo, matapishi na jasho. Siku hizo tumia choo kile kile, lakini kaa au chuchumaa chini mkojo usiruke, mwaga maji mengi mara mbili, funika, osha mikono kwa sabuni. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake kwa glavu. Na kwa kuwa wifi ni mjamzito, kazi hiyo apewe mwingine. Kunywa maji, lita mbili kwa siku kama daktari hajakukataza, na usibane mkojo, kwani dawa inayofuatana na ile nyekundu mara nyingi huchubua kibofu ikikaa humo.

Kulala pamoja mnaweza, na tendo la ndoa pia mkiwa na hamu, ila kwa kondomu. Ndani ya saa zile 48 inamkinga yeye na dawa; siku nyingine zote inakukinga wewe na mimba, ambayo wakati huu ni hatari kwako na kwa mtoto. Vidonge vya majira, sindano na kijiti havikufai, kwa sababu vina homoni na uvimbe wa titi mara nyingi hulishwa na homoni. Kama mnataka njia ya kudumu zaidi, muulize daktari kuhusu kitanzi cha shaba. Siku za 7 mpaka 14, kama hamna hamu, kukumbatiana kunatosha.

Nywele zitaisha zote, pengine hata nyusi. Zinyoe kabla hazijajaa kwenye mto wa kulalia, na watoto wawepo wakiona, wasije wakashtuka asubuhi. Mafuta ya kuziotesha usinunue. Zitarudi zenyewe miezi michache baada ya dripu za dawa hii kwisha.

Vitumbua usiache, vipangie kalenda. Siku ya 1 mpaka ya 6 harufu ya mafuta itakutapisha, pumzika, tembea dakika kumi au kumi na tano jioni. Siku ya 7 mpaka ya 14 kaa mbali na foleni ya wateja, wenye mafua na misiba. Tuma rambirambi kwa simu, watakuelewa. Siku ya 15 hadi ya 21 ndizo zako. Ukoroge wewe, mdogo wako akaange, kwani moshi na kuungua na mafuta si vya kuchezea hata wiki hiyo.

Wiki ijayo ukifika kliniki, kabla hawajatafuta mshipa, sema: "Siku ya kumi nilipata homa nikatibiwa nyumbani, na nina vidonda mdomoni." Wanaweza kupunguza kipimo cha dawa, kusogeza tarehe au kukupa sindano ya kupandisha chembe nyeupe, lakini bila kuambiwa hawatajua kwamba kuna cha kurekebisha.