Soma mkataba wa fremu wa Sam Walton kabla hujaposti maneno yake

Kila Jumatatu asubuhi nikifungua status za WhatsApp nakuta wafanyabiashara wenzangu wamebandika picha ya tajiri wa Kimarekani na maneno chini yake, alianza na sifuri, aliamini ndoto, usikate tamaa. Sina shida na kutiana moyo, ila mimi niko kwenye biashara ya duka mwaka wa kumi na moja huu, na katika hiyo miaka yote hakuna msemo uliowahi kunilipia kodi ya fremu. Kilichonisaidia ni kuwasoma hawa watu kama wenye maduka, yaani walinunua wapi, kwa bei gani, na chumba kilikuwa cha nani.

Nianze na yangu. Nilikuwa na fremu Tabata, ya kona, mbele yake bajaji zinapaki. Nilivyoikuta ilikuwa kuta za simenti tu na mlango wa bati, nikapiga tailizi, nikaleta fundi aluminiamu akanitengenezea shelfu na kioo cha mbele, nikaweka luku yangu mwenyewe, ukijumlisha zote ilinitoka kama milioni tatu na nusu. Nauza viatu vya watoto, na shule zikikaribia kufungua naongeza madaftari na mabegi. Mkataba wetu ulikuwa ile karatasi ya stesheneri yenye nafasi za kujaza, wa mwaka mmoja, na kila mwaka tunaongeza kwa mdomo huku tunacheka.

Mwaka wa nne mzee mwenye nyumba akaniita ndani, akanipa soda, akaniambia, "Mwanangu, binti yangu kamaliza chuo na ajira unaziona mwenyewe zilivyo, nataka na yeye ajaribu jaribu hapo mbele, kodi yako ikiisha utanipisha." Hakunigombeza wala hakunidhulumu kisheria, ndicho kilichoniuma zaidi, maana nilirudi nyumbani nikaisoma ile karatasi mara tatu na kweli hakukuwa na mstari hata mmoja wa kunitetea. Wiki mbili baada ya kutoka, binti kafungua. Viatu vya watoto na madaftari, juu ya shelfu zangu.

Sasa njoo Newport, mji mdogo jimbo la Arkansas, mwaka 1945. Sam Walton, huyu aliyekuja kuanzisha Walmart, yale maduka makubwa ya Marekani, ana miaka 27, ndo katoka jeshini, ananunua duka lililokuwa chini ya mtandao wa maduka ya Ben Franklin. Wale wanaosema alianza na sifuri wasogee hapa kidogo: baba mkwe wake, bwana Robson, aliyekuwa mwanasheria na mtu wa benki kule Oklahoma, alimkopesha dola 20,000, na yeye akaongeza akiba yake kama dola 5,000. Kwa mwaka 1945 hizo si hela za kuchezea. Simlaumu, nani asingechukua, ila ukijilinganisha naye ujue mwenzako alikuwa na mkwe wa namna hiyo.

Lile duka lilikuwa linauza dola 72,000 kwa mwaka alipolikuta, ndani ya miaka mitano akalifikisha dola 250,000. Pango lake lilikuwa asilimia 5 ya mauzo, kubwa sana, kila akiuza zaidi mwenye jengo naye anakula zaidi. Na mkataba ulikuwa wa miaka mitano bila kipengele cha haki ya kuongeza. Hakuusoma vizuri. Mwaka 1950 mwenye jengo akamwambia haongezi, duka analitaka ampe mtoto wake wa kiume.

Nilivyofika hapo nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka dada wa pembeni akanisogea mbali. Yaani mimi na Sam Walton tumepigwa ngumi ileile! Tofauti ni kwamba yeye mwenye jengo alimnunulia mali na vifaa vilivyokuwa dukani, mimi niliambulia soda.

Lakini angalia alichofanya baada ya pale, maana ndo sehemu wanayoiruka kwenye zile status. Alihamia Bentonville, kamji kalikuwa na watu kama elfu tatu tu, akapata duka dogo na akataka achukue na chumba cha jirani, kilichokuwa cha kinyozi, ili alipanue. Safari hii baba mkwe ndo alienda kuongea na wenye chumba, na akarudi na mkataba wa miaka 99. Tisini na tisa. Hapo ndo unajua mtu kaumwa na nyoka. Walmart yenyewe ya kwanza aliifungua Julai 1962, mji wa Rogers hapohapo Arkansas, akiwa na miaka 44, kwahiyo kabla ya hilo jina alishakaa nyuma ya kaunta miaka 17.

Kitu cha pili nilichojifunza kwake kwa hasara ni bei. Kuna hesabu yake moja ya chupi za kike naipenda sana. Akichukua mzigo kwa wauzaji wa kawaida, dazani ilikuwa dola 2.50, anauza tatu kwa dola moja. Akatafuta mpaka akapata mtu New York anayempa dazani kwa dola 2, akashusha bei, nne kwa dola moja. Piga hesabu mwenyewe: kwanza alikuwa anabaki na dola moja na nusu kwa dazani, sasa anabaki na dola moja, ila mzigo unatoka mara tatu ya zamani, kwahiyo mwisho wa wiki droo imejaa kuliko mwanzo. Mimi kichwa changu kikasikia neno moja tu, shusha bei. Nikashusha raba za watoto kutoka elfu kumi na mbili mpaka tisa na nusu, wateja wakajaa, nikajiona bingwa, kumbe Kariakoo nilikuwa bado nachukua kwa tisa, tena nyingine kwa mali kauli, yaani nachukua leo nalipa baadae, na nauli ya mzigo sijaitoa hapo. Miezi miwili mtaji ulikuwa umepungua na sijui umeenda wapi. Walton alianza kushusha bei ya kununulia ndo akagusa ya kuuzia. Ukigeuza huo mpangilio unagawa sadaka.

Mwingine anayesimuliwa vibaya ni Ray Kroc wa McDonald's. Watu wanakwambia siri ni baga. Huyu mzee alikuwa muuza mashine za kuchanganyia maziwa, ameshapita miaka 50 alipowakuta ndugu wawili wa McDonald kule San Bernardino, California, mwaka 1954, akapewa ruhusa ya kutafuta watu wa kufungua migahawa kwa jina lao. Makato yake yalikuwa asilimia 1.9 ya mauzo ya kila mgahawa, na humohumo 0.5 inaenda kwa wale ndugu. Migahawa inaongezeka, jina linakua, yeye hela hana. Aliyemtoa ni mtu wake wa fedha, Harry Sonneborn, mwaka 1956 wakaanzisha kampuni ya viwanja: McDonald's inakodi au inanunua kiwanja, halafu inampangisha mwenye mgahawa kwa bei ya juu zaidi. Kwahiyo yule anayekaanga viazi ni mpangaji, akiharibu anatolewa. Miaka mitano baadae Kroc akawanunua wale ndugu kwa dola milioni 2.7. Mimi huwa sifurahii walivyoachana, ila kwenye suala la nani ameshika ardhi aliona mbali kuliko wote.

Na ukubwa haukukingi na kila kitu, hata Walmart wenyewe mwaka 2011 walinunua sehemu kubwa ya Massmart ya Afrika Kusini, waliokuwa na lile duka la Game pale Mlimani City, na mnakumbuka 2022 Game walivyofungasha.

Sasa ushauri wangu kwa wewe unayetaka kuchukua fremu mwezi huu. Usimwachie dalali aandike mkataba, yeye akishapata kodi yake ya mwezi mmoja habari imeisha. Tafuta mwanasheria wa kawaida tu, mimi alinichaji laki na nusu, akaweka vitu vitatu: haki yangu ya kuongeza muda mkataba ukiisha, notisi ya miezi sita kama mwenye nyumba anataka chumba chake, na orodha ya nilivyoweka kwa hela yangu, kwamba ni vyangu nang'oa naondoka navyo au analipia. Luku, shelfu, kioo, mlango, vyote vimeandikwa. Na usitie tailizi kwenye mkataba wa mwaka mmoja hata kama mwenye nyumba ni mjomba wako. Kama ni mjomba ndo kabisa usitie.

Fremu ya sasa iko mtaa wa tatu kutoka ile ya zamani, mwenye nyumba ni mama mtu mzima. Siku ya kusaini nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia mama naomba miaka 99. Akavua miwani akaniangalia. "Mwanangu, wewe utakuwepo?" Tukacheka mpaka mwanasheria akacheka. Nikamsimulia habari za Newport na mtoto wa mwenye jengo, akasikiliza mpaka mwisho, akasema yeye watoto wake wako Muscat hawana habari na duka. Tukasaini mitano, na haki ya kuongeza mitano mingine.