Nina wiki ngapi?

Saa tisa usiku nilikuwa macho, simu mkononi, nikitazama salio la akaunti ya biashara kwa mara ya nne, kana kwamba lingeongezeka kwa kukodolewa macho. Mchana wake mteja wangu mkubwa, aliyekuwa akinipa zaidi ya nusu ya kazi za karakana yangu ya uchapaji, alikuwa ameniandikia ujumbe wa neno moja: "Tutawasiliana." Mwenye biashara hahitaji kufafanuliwa maana yake.

Miaka ya mwanzo nilidhani hofu hii ni ya wachanga, kwamba nikishapata wateja wa kudumu nitalala. Wateja wakaja, hofu ikabaki, tena ikanenepa, maana sasa walikuwepo vijana wanne wanaongoja mshahara kwangu.

Kilichonisaidia ni kitu kidogo hadi naona haya kukitaja: daftari na penseli. Kila Ijumaa jioni kabla ya kufunga naandika pesa iliyopo, ya mkononi na ya benki. Halafu najumlisha matumizi ya lazima ya wiki: pango, mishahara, umeme, rejesho la mkopo. Nagawanya ile ya kwanza kwa hii ya pili. Jibu ndilo idadi ya wiki ambazo biashara itasimama hata asipoingia mteja hata mmoja. Ninazodai siziingizi humo. Ankara ya kulipwa ndani ya siku 30 ikilipwa siku ya 90, mishahara ya katikati hapo ilishatoka mfukoni mwako. Madeni hayo ninayodai yana safu yake pembeni, na nimeyafutafuta mpaka karatasi imetoboka.

Mara ya kwanza nilipata wiki tatu. Niliogopa, lakini angalau sasa nilijua naogopa nini. Wiki tatu unaweza kuzifanyia jambo. Niliwapigia wadaiwa wawili, mmoja akalipa. Nikamwomba mwenye pango nilipe kwa awamu. Nikaacha kugusa oda yoyote kabla ya kupokea nusu ya malipo, na hilo likanipotezea wateja kadhaa, wengi wao walewale waliokuwa wakinizungusha. Siku hizi zikishuka chini ya wiki nane nasimamisha manunuzi yote yanayoweza kungoja. Na mteja mmoja akizidi theluthi ya mapato, naanza kutafuta wengine, hata kama analipa vizuri. Hasa akilipa vizuri.

Mwaka 1921 mchumi Mmarekani Frank Knight alitenganisha hatari inayopimika, ile unayoweza kuikatia bima, na mashaka yasiyopimika; faida, alisema, inatokana na kuyabeba hayo ya pili. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Kumbe ndiyo kazi niliyoiomba! Usingizi haukurudi kwa hilo, ila nilipunguza kujilaumu.

Jambo moja bado linanishinda: kujilipa mshahara maalumu. Jilipe, hata kidogo, kwa tarehe ileile. Mimi nimekuwa nikichota tu panapobaki kitu, na nyumbani wamezoea kuusoma uso wangu mlangoni ili wajue mwezi umekaaje. Mtoto hapaswi kujua hesabu hiyo.

Yule wa "tutawasiliana" alirudi baada ya miezi mitano, na oda ndogo. Nikamtajia nusu ya malipo kwanza. Akanijibu kwa neno lilelile.