.300 Win Mag au .375 H&H? Jibu kwa anayetaka bunduki moja ya pala, kongoni, pofu na nyati

Mkuu, umeuliza ununue .300 Winchester Magnum au .375 H&H. Kibali unacho, unataka bunduki moja tu ya kuwindia pala, kongoni, pofu, na siku ukipata leseni yake, nyati. Wadau wengi hapo juu wamekushauri .300 kwa sababu inapiga mbali. Mimi nasema chukua .375. Nimefanya kazi ya kufuata nyayo kwenye vitalu vya kusini miaka mingi kabla ya kuanza kuwinda kwa leseni yangu mwenyewe, na ninachoandika hapa nimekiona kwenye nyama na mifupa.

Tuanze na sheria, maana imeshakuamulia nusu ya swali. Hapa Tanzania nyati hapigwi kwa kaliba (upana wa risasi, kwa inchi) iliyo chini ya .375, sawa na simba na tembo. Ukinunua .300 umemfuta nyati kwenye hesabu zako mpaka upate kibali cha bunduki ya pili.

Hata sheria isingekuwepo, ningekushauri hivyo hivyo. Mnyama haangushwi na kishindo. Anaangushwa na tundu lililopita kwenye moyo, mapafu au ubongo. Kwa hiyo jiulize kwanza: kichwa cha risasi kitafika huko ndani kikiwa bado kizima, kwa pembe aliyosimama mnyama? .300 inarusha kichwa cha greni 180, karibu gramu 12, kwa mwendo wa mita 900 hivi kwa sekunde. .375 inarusha greni 300, gramu 19 na ushee, kwa mita 770 hivi. Kwenye uwanda wa wazi, zaidi ya mita 250, .300 inanyooka vizuri zaidi, hilo silikatai. Lakini miomboni unakowindia wewe, pala anapigwa mita 80, na nyati mara nyingi karibu zaidi ya hapo. Masafa hayo kasi ya ziada haikusaidii kitu. Uzito unakusaidia.

Nyati nitamzungumzia kwa kirefu, kwa sababu ndiye anayeumiza watu. Moyo wake umekaa chini kabisa kifuani, katikati ya miguu ya mbele, chini kuliko anavyodhani mtu aliyezoea swala. Ngozi ya shingo na bega ni nene, mbavu ni pana na zimebanana. Anayelenga nyuma ya bega, katikati ya mwili, risasi yake huishia tumboni, na tumbo la nyati limejaa majani mabichi yaliyolowa ambayo yanameza nguvu ya risasi yoyote. Akikusimamia ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, ukomee theluthi moja ya kimo cha kifua kutoka chini. Hapo unavunja bega na kupasua sehemu ya juu ya moyo kwa pigo moja. Ukishafyatua, pakia upige tena maadamu bado amesimama. Usisubiri kuona amefanywa nini na risasi ya kwanza.

Nyati aliyejeruhiwa hakimbii moja kwa moja. Anaingia kichakani, anazunguka, anarudi kando ya nyayo zake mwenyewe na kusimama kimya. Anayekutana naye kwanza ni mfuata nyayo, aliyeinamisha kichwa anatafuta damu kwenye majani. Aliyefyatua yuko nyuma yake. Ndiyo maana suala hili linanikera likijadiliwa kama ushabiki wa bunduki. Kaliba unayochagua inabeba maisha ya mtu mwingine.

Kuna mdau ametaja Bell, yule Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, akaua mamia ya tembo kwa .275 Rigby, risasi ndogo kuliko hata .300. Ni kweli. Lakini Bell alitumia vichwa vigumu visivyofunguka, alilifahamu fuvu la tembo kwa ndani, na aliwapiga ubongo wanyama ambao wengi wao hawakuwa wamezoea milio ya bunduki. Hakuwa mtu mwenye leseni ya nyati mmoja na siku chache za likizo. Ustadi wake usiuchukue kama ruhusa yako.

Sasa pala. Watu wanaogopa kwamba .375 itamsambaratisha mnyama wa kilo 60. Kwa nilivyoona wakati wa kuchuna, ni kinyume. .300 ikimpiga pala kwa karibu na kichwa laini, kile kinachofunguka kikigonga, chenye kasi ile, bega zima linageuka damu iliyoganda, nyama ya kutupa. .375 inaingia na kutoka kwa tundu safi, na nyama inabaki. Pigo la mapafu pia halimwui papo hapo, kwa hiyo wenzetu wanaohitaji kuchinja, wakiwa wepesi, mara nyingi wanamwahi kabla hajakata roho.

Pofu dume anaweza kufika kilo 900, lakini si mgumu kama nyati. Kongoni na nyumbu ndio wanaoshangaza watu: wana roho ngumu, wakipigwa vibaya wanatembea kutwa.

Kama ungesema nyati humtaki kabisa, ningekwambia uache zote mbili uchukue .30-06. Ipo tangu 1906, risasi zake ni rahisi kupata, na kwa kichwa kizuri cha greni 180 inamaliza kila swala mpaka tandala na kuro. Haipigi bega lako kama .300, na mtu asiyeogopa bunduki yake analenga vizuri.

Bega lako nalo lisemwe wazi. .375 ina nguvu, lakini kwenye bunduki ya kilo 4 na kidogo inasukuma zaidi kuliko kuchapa. .300 kwenye bunduki nyepesi inachapa. Kabla ya kulipa, iinue dukani umefumba macho, kisha fumbua: kama jicho halijakaa sawa na darubini, kitako hakikufai. Mazoezi fanya ukiwa umesimama, bunduki ikiwa juu ya miti mitatu iliyofungwa pamoja, kwa sababu porini hakuna meza. .458, kaliba kubwa zaidi, achana nayo kwa sasa. Ni bunduki ya kummalizia nyati kichakani, na wengi wanaoanza nayo wanajifunza kufumba macho wakifyatua.

Bolti, kile chuma unachovuta kupakia, itafute yenye kucha pana ya mtindo wa Mauser inayoshika risasi tangu inapotoka kwenye magazini. Bunduki za Brno ZKK 602 za zamani zinayo, na bado zinaonekana sokoni. Kichwa cha risasi nunua kizuri: Swift A-Frame au Barnes TSX cha shaba tupu, greni 300, kinafaa kuanzia pala hadi nyati. Kwa nyati weka na vichwa vigumu viwili vitatu chini ya magazini, kwa ajili ya pigo la nyuma anapokimbia. Ila vijaribu kwanza kwenye shabaha, kwa sababu vichwa vya aina mbili mara nyingi haviangukii sehemu moja, hata vikiwa na uzito sawa.