Hiace kuzima njiani baada ya kubadili injini

Kaka pole, hiyo ya Hiace kuzima ghafla ukipanda mlima Kitonga halafu ukisubiri kama robo saa inawaka kama hakuna kilichotokea, naijua vizuri. Umesema ulitoa injini ya 1RZ ya kabureta ukaweka 2TR ya EFI (ile inayopuliza mafuta kwa sindano zinazoongozwa na kompyuta), basi usianze kununua vifaa, angalia kwanza mshale wa RPM (mizunguko ya injini) kwenye dashibodi pale inapozima. Ukianguka sifuri papo hapo wakati gari bado linatembea kwenye gia, hapo ni umeme, mara nyingi sensa ya kranki (inayoiambia kompyuta injini inavyozunguka), ikipata moto inakata ikipoa inarudi. Ila injini ikianza kukohoa na kukosa nguvu kabla ya kuzima ni mafuta, na hapo muulize fundi aliweka pampu gani maana ile ya kabureta presha yake ni ndogo, EFI haiitaki kabisa.

Yangu ilinitesa mwezi mzima pale Uyole kumbe waya wa ethi (wa kurudisha umeme) toka injini kwenda bodi ya gari mafundi waliufunga juu ya rangi, ukiushika unacheza 😂 tukakwangua mpaka chuma kikaonekana, ikaisha. Na rilei ya pampu (swichi ya umeme inayowasha pampu ya mafuta) iguse gari likizima, kama inaunguza mkono badilisha na soketi yake pia.