Nairobi hadi New York: kilomita ngapi, saa ngapi?

Maswali mengi wiki hii yanahusu ndege ya moja kwa moja kati ya viwanja vya Jomo Kenyatta na John F. Kennedy (JFK), safari iliyoanza Oktoba 2018.

Umbali ni upi hasa? Nimeona 6,390, nikaona 7,350, kisha 11,800.

Zote ni sahihi. Ya kwanza ni maili za baharini, wanazotumia marubani. Ya pili ni maili za kawaida. Ya tatu ni kilomita. Ndiyo njia fupi kabisa. Ukivuta uzi juu ya tufe (ramani ya ukutani itakudanganya), utapita Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria na Moroko kabla ya kuigusa Atlantiki. Kwa hiyo wanaosimulia kwamba walikuwa juu ya bahari safari nzima wanatia chumvi: nusu ya njia na zaidi kidogo ni ardhi ya Afrika. Rubani naye haufuati uzi huo sawasawa. Anga yenye vita chini yake hukwepwa, na kukwepa ni kilomita.

Dreamliner, ndege ya safari hii, huenda kama kilomita 900 kwa saa. Nikigawanya napata saa 13. Mbona tiketi inasema karibu 15?

Muda wa tiketi huanza ndege inapotoka maegeshoni na kuisha inapoegeshwa kule, foleni za JFK zikiwemo. Lakini mla saa mkubwa ni upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kama kilomita 10 angani, huvuma upepo mkali kutoka magharibi, na miezi ya baridi unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Kwenda unapambana nao, kurudi unakusukuma, ndiyo maana safari ya kurudi mara nyingi hupungua kwa karibu saa nzima. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege ya British Airways ilitoka JFK ikatua London baada ya saa 4 na dakika 56. Kwa kawaida ni saa sita na zaidi.

Kwa nini huondoka Nairobi usiku?

Abiria hupenda kufika asubuhi, ila kuna faida nyingine. Embakasi, ulipo uwanja wa Nairobi, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mabawa hayainui vizuri na injini hupungukiwa nguvu. Ndege iliyojaa mafuta ya safari hiyo ikiruka kwenye jua la mchana hulazimika kupunguza mzigo. Baridi ya usiku huisaidia. JFK iko kando ya bahari, haina shida hiyo.

Mama anatua saa moja asubuhi. Huku Nairobi itakuwa saa ngapi?

Saa tisa alasiri wakati wa baridi yao. Saa nane kuanzia Machi hadi mapema Novemba.

Tiketi yake inasema 00:05, tarehe 12. Tumpeleke lini?

Tarehe 11, awe uwanjani kabla ya saa tatu usiku. Mkimpeleka usiku wa tarehe 12 mtakuta ndege imeshatua New York. Nifikishie shikamoo.