Kazi Digo Road, gari huna: upange wapi?

Dadangu, umesema unaanza kazi Digo Road, katikati ya mji wa Mombasa, gari huna, na umeonyeshwa nyumba tatu: Likoni, Bamburi na Tudor. Mimi ningechukua ya Tudor, hata ikiwa chumba ni kidogo zaidi.

Mombasa mjini ni kisiwa, na Tudor iko humo humo kisiwani; kila anayeishi ng'ambo lazima avuke. Wa Bamburi hupita Daraja la Nyali, na asubuhi matatu hujazana pale kuanzia Kongowea. Wa Likoni wana feri. Mwenda kwa miguu halipi, lakini ikichelewa, huna la kufanya ila kusimama na umati ukitazama maji. Nimeishi Likoni miaka miwili. Kodi niliyookoa niliilipa kwa usingizi.

Kutoka Tudor, matatu zikigoma unatembea tu mpaka kazini. Hilo peke yake lina thamani kubwa. Mtaa wa Majengo pia uko karibu, ila kuna kelele.

Usilipe amana kabla hujajaribu njia. Nenda Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usimame mlangoni pa nyumba hiyo, kisha uhesabu dakika hadi kazini. Rudi tena saa mbili usiku: je, kutoka steji hadi mlangoni pana taa, pana duka lililo wazi? Kama unahitaji bodaboda kila usiku, ongeza nauli hiyo kwenye kodi. Na uonje maji ya bomba; mengi huku ni ya chumvi, na kubeba mitungi ya maji matamu bila gari si mchezo.