Opereta mpya, pima kila chujio peke yake

Wengi mnaoanza kazi ya maji hapa Dodoma mnakutana kwanza na visima. Maji ya Makutupora yanatoka ardhini yakiwa safi machoni, yanatiwa klorini, yanapelekwa mjini, na kupima tope kunaonekana ni kujaza fomu tu. Siku ukipangiwa mtambo unaovuta maji ya bwawa, ndipo utajua kazi. Mvua za kwanza, Novemba au Desemba, zinapiga ardhi iliyokauka tangu Mei. Makorongo yote yanashusha udongo, na maji yanayoingia mtamboni yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Msimu huo usitegemee macho. Jicho huanza kuona ukungu kwenye glasi tope likifika kama NTU 4 (NTU ni kizio cha kupimia tope la maji), wakati Shirika la Afya Duniani linataka maji yawe chini ya NTU 1 kabla ya klorini, na mitambo mikubwa inayoendeshwa vizuri ikae chini ya 0.5 muda wote. Kwa hiyo kiongozi akija kutembelea, akainua glasi juani na kusifu, mshukuru, kisha rudi kwenye mita yako ya tope.

Lakini hata mita inadanganya ukiiweka mahali pamoja tu. Chukua machujio manne ya mchanga yanayopitisha maji sawa. Matatu yanatoa 0.1, la nne linatoa 0.9. Ukipima kwenye bomba la pamoja utasoma 0.3, utaandika "safi" na kwenda kunywa chai. Kumbe chujio moja linapitisha uchafu: pengine mchanga umepungua, pengine una mabonge ya tope, au valvu haifungi sawasawa. Ndiyo maana Marekani mitambo mingi ya maji ya juu ya ardhi inatakiwa kusoma kila chujio kila dakika 15. Sisi huenda hatuna mita za kudumu kwenye kila bomba, ila koki ya sampuli kwa kila chujio si gharama ya kutisha. Kama haipo, idai.

Wanaosema "klorini itamaliza" waambieni habari ya Milwaukee, mwaka 1993. Tope la maji yaliyokwisha kuchujwa lilipanda hadi NTU 1.7 kwenye mtambo mmoja, na watu wapatao 400,000 wakaugua kuhara. Aliyepita ni kijidudu kiitwacho Kriptosporidiamu, ambacho kwa klorini ya kawaida hakifi. Kinazuiwa na chujio linalofanya kazi.

Saa ya hatari zaidi ni baada ya kuosha chujio kwa kusukuma maji kinyume. Mchanga umetoka kusafishwa na bado haujashika vizuri, kwa hiyo tope hupanda kwa muda ndipo lishuke. Mtambo wenye bomba la kumwaga, mwaga maji hayo mpaka namba itulie. Usiokuwa nalo, anza na mtiririko mdogo, uongeze taratibu. Pima kila baada ya dakika chache, si mara moja halafu basi.

Kuhusu kichupa cha sampuli: kishike juu, karibu na kifuniko, kifute kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kitazame kwenye mwanga. Alama ya kidole au mkwaruzo utasomeka kama tope. Vipovu vya hewa pia, hivyo subiri vielee juu, lakini usisubiri sana mpaka chembe zikatuama. Mita ihakikiwe kwa vimiminika vya kipimo, vile ambavyo NTU yake inajulikana, kabla ya kuanza kuilaumu shabu, yaani dawa ya kugandisha tope.

Na namba ikipanda, usikimbilie kuongeza shabu kwa kukisia. Linganisha machujio kwanza. Likipanda moja, tatizo ni la chujio hilo. Yakipanda yote, tatizo liko kabla yake: jaribu dozi tofauti za shabu kwenye vyombo vidogo ukitumia maji ya saa ile, maana dozi ya jana, kabla korongo halijashuka, haikusaidii. Kwenye daftari la zamu andika saa, chujio na ulichokifanya, ili anayekupokea usiku asianze kubahatisha.